Kuonja Mchanga

Lori limeingia saa moja kasorobo,
mlinzi hajamaliza chai.
Dereva anataka sahihi upesi, ana safari nyingine Changamwe.
Nachota mchanga kiganjani, nausugua,
kisha naulamba.

Vibarua wanaangua kicheko.
"Injinia ana mimba," asema Nyamawi.
Wacheke. Ulimi umeshajua:
huu haukupita mtoni, umechotwa ufuoni usiku,
una chumvi ya kuunga mchuzi.

Na chumvi haina haraka.
Itakaa ndani ya zege miaka saba, minane,
ikitafuna nondo kimyakimya,
mpaka siku moja, katikati ya hesabu za kugawanya,
dari iachie kibonge juu ya dawati la tatu.

"Rudisha."

Saa tatu simu inalia. Bwana Mwakesi, mkandarasi.
Aniuliza watoto hawajambo,
aniuliza kama najua bei ya mchanga wa mto,
kama najua hati ya malipo namba nne
imelala mezani kwa watu tangu Shaabani.
"Dada yangu, hii si ikulu. Ni madarasa sita tu."

Sita tu.
Darasa la nne wanasoma chini ya turubai,
na Mwalimu Dzame huandika ubaoni kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika kamba, Mtongwe kuna upepo.
Jana aliniuliza tutamaliza lini.
Nikamwambia Novemba.
"Hata aliyekutangulia alisema Novemba.
Hakutaja mwaka."

Daftari la saiti halisomwi na mtu, basi niandike:
nilisita.
Mashine ya zege imezimwa,
watu ishirini na mmoja wamekalia ndoo zilizopinduliwa,
na siku isiyo na kazi haina ujira.
Tukiuosha mara mbili, nikawaza, nani atajua?

Ningependa kusema timazi ya Fundi Ngolo ilinifunza kitu,
ikining'inia pale ukutani, imenyooka.
Haikunifunza. Nilikuwa naangalia jengo la zamani,
lile tulilolizungushia mabati,
nondo zimechomoza darini kama mbavu,
kutu imechirizika hadi kwenye ramani ya Afrika.
Niliitafuta risiti ya mchanga wake kwenye faili.
Ipo. Ina sahihi nzuri, herufi za mtu mstaarabu,
na pembeni, kwa penseli: *dereva anangoja.*

Jumanne. Mchanga: umekataliwa.
Zege: hakuna. Hali ya hewa: jua.
Vibarua ishirini na mmoja wamenyoosha misumari,
ndoo tatu za misumari iliyopinda,
nimewaandikia nusu siku.
Mwakesi atabisha. Abishe.

Jioni Nyamawi ameniletea maji kwenye kikombe cha plastiki,
hakutazama usoni.
"Sukutua, Injinia."
Nimesukutua. Bado ipo.