Siku Thelathini

Rasimu ya kwanza niliiandika Jumatatu,
theluji imefika kizingiti cha dirisha:
"Mteja wetu mpendwa."
Bwana Dahlquist akakata "mpendwa" kwa kalamu nyekundu.
Rasimu ya pili ilisema tunasitisha.
Ya tatu ikasema tunaboresha.
Tunaboresha nini? nikamuuliza.
Akautazama mlango wa kasha la fedha
kana kwamba ndani yake mna mtu wa kumjibia.

Kisa chenyewe ni kifupi.
Miaka kumi na tisa, hundi ikija na akaunti ni kavu,
benki ililipa, kisha ikajilipa:
dola thelathini na nne, kila mara,
hata kama pengo lilikuwa la mkate na maziwa.
Kukopa harusi, kulipa matanga, husemwa,
ila hapa harusi sikuiona.
Niliona mafuta ya kupashia nyumba joto,
na betri ya gari lililogoma alfajiri.
Sasa makao makuu yameona haya,
au yameonyeshwa; mimi ni karani tu.
Tangu mosi Februari, hundi isiyo na fedha
itarudi ilikotoka.
Taarifa: siku thelathini.

Nilizihesabu kwenye kalenda ya duka la matairi.
Siku nne za posta.
Siku sita barua imelala ndani ya sanduku la bati
kando ya barabara, greda la theluji limelifukia.
Siku tatu juu ya friji, ikidhaniwa tangazo.
Siku moja ya kutafuta miwani.
Na huku kaskazini mwa Minnesota, Januari,
zilizobaki si siku, ni jioni.

Bahasha mia mbili na kumi na moja,
nimezikunja kwa mkono.
Yumo Beverly wa saluni.
Yumo kijana wa akina Toivola, ambaye kodi yake
humtangulia mshahara kwa siku mbili, kila mwezi,
kama mbwa anayemvuta mwenyewe.
Ya Waino Rantala sikuitia guniani.

Alikuja Alhamisi, buti zikidondosha maji,
akaweka kaunta chupa ya jemu ya matunda mwitu
kama kila Januari.
"Kwa mambo yetu yale," akasema,
nami, kama kila Januari, nikacheka bila kujua yapi.
Nikampa barua. Aliisoma kwa kidole,
akafika chini, akarudi juu.

"Kwa hiyo hutanisitiri tena?"

"Kukusitiri?"

"Mwaka ule Ellen amelazwa Duluth.
Nilijua sina kitu, nikaandika hundi ya mafuta,
ikapita. Nikamwambia Ellen kitandani:
yule binti wa Mäki ananijua."

Nina miaka sitini na mmoja.
Hakuna mwingine aniitaye binti.
Ilikuwa mashine, Waino, ningesema,
iko Dakota Kusini, haijui hata sauti yako,
na kila ilipokusitiri ilikuvua:
mara arobaini na moja, nilitazama,
dola elfu moja mia tatu tisini na nne.
Kabatini kwangu zimo chupa tupu kumi na nane.

Sikusema.
Niligeuza barua, nyuma ya sahihi ya Bwana Dahlquist
nikaandika namba ya simu ya nyumbani.
"Kabla hujaandika hundi ya mafuta, nipigie.
Kabla, Waino. Si baada."
Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia,
akaivaa.

Usiku ule nilivuta kiti karibu na simu,
orodha mapajani, mkate na jemu kando.
Majina mia mbili na kumi.
Nilianza na A, kwa kukosa hekima nyingine.

Halo? Hapana, siuzi kitu.
Ni Sylvi, wa benki.
Hapana, hakuna aliyekufa.
Kuna barua imekuja, labda iko chini ya theluji,
subiri nikusomee.
Usikate.