Kuruka Mara Mbili

Ngazi ya salamu ina vipandio vingi.
Nimevihesabu: hujambo, kwema,
habari za tangu juzi, za nyumbani, za wazee,
goti la mama linaendeleaje, na mvua ya huko kwenu,
na kila kipandio kina jicho linaloningoja.
Mimi hufika cha tatu nikaanguka.

"Mwenye macho haambiwi tazama,"
husema Ami Shaame, kanishika kidevu.
Lakini mimi nimeambiwa umri wangu wote.
Nitazame. Nitazame ninaposema nawe.
Nikikutazama, ami, sikusikii.
Macho ya mtu yana kelele
kama mabati ya soko la Wete mwezi wa masika.

Daktari wa Chake aliandika neno moja, usonji.
Mama akaikunja karatasi, akaikunja tena,
akaifunga kwenye pindo la kanga
pamoja na nauli ya kurudia.
Hatukuizungumza.
Kabla yake nilikuwa nishanywa makombe saba;
ladha ya zafarani naijua mpaka leo
(si mbaya, sina ugomvi nayo).

Kisha Mbarouk akafungua chumba kule Jadida,
juu ya duka la fotokopi:
skrini mbili, padi nne, feni moja inayolia.
Mlangoni akabandika:
*Alhamisi baada ya alasiri, taa ndogo, sauti chini.
Asiyetaka kusema asiseme.*

Tukaja wanne.
Zuwena, asiyeweza kukaa,
hukizunguka kiti kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Khatib, ukimwambia "lango" atakujibu "lango, lango."
Raya, ambaye hasemi, ila rangi anachagua yeye.
Na mimi, Asaa, miaka ishirini na tatu,
mwenye kuhesabu.

Tulikaa sote tukielekea ukuta mmoja,
nami nikaona jambo ambalo hakuna aliyenifunza:
watu wakitazama kitu kimoja
hawalazimiki kutazamana.

Tunajenga mji.
Raya ameupaka samawati hadi misikiti.
Khatib analinda lango, lango.
Siku moja Zuwena alichimba bila kuuliza
akalibomoa daraja langu.
Nilivua hedifoni, nikatoka,
nikahesabu matofali ya ukuta wa nje, mia mbili na kumi.
Niliporudi lilikuwa limejengwa upya,
vibaya, upande mmoja umepinda.
Nimeliacha hivyohivyo.

Na salamu yetu ni hii:
unabonyeza kitufe cha duara mara mbili,
mtu wako anaruka, anaruka.
Maana yake: nimekuona, nipo.
Goti la mama halimo.

Jumamosi nikatumwa sokoni pamoja na mama.
Nilikuwa nimebeba sukari kilo mbili
nilipoona viatu vyekundu vya plastiki,
na juu yake kapu la shokishoki,
na juu ya kapu, sikutazama.
Ngazi ikaanza kusimama mbele yangu.

Zuwena hakuipanda.
Aliruka. Akaruka tena.
Shokishoki tatu zikabingirika mtaroni.

Nikaiweka sukari chini, taratibu.
Nikaruka mara mbili.

Muuza samaki alibaki na kisu hewani.
Mtu akasema, "Masikini."
Mama akalishika pindo la kanga akalifungua.
Nilidhani anatoa ile karatasi.
Alitoa pesa, akanunua shokishoki,
akaziongeza kwenye kapu la Zuwena,
moja, mbili, tatu.

Njiani akauliza, "Yule nani?"
Nikasema, "Zuwena. Tuna mji pamoja."
Hakuuliza mji gani.

Usiku, wakati wa kuniita kula,
hakuniita.
Alisimama mlangoni pa chumba changu,
kashika kizingiti kwa mkono mmoja, kanga kwa mwingine,
akaruka.
Mara moja tu. Goti lilikataa.

Nikamhesabia mbili.