Kijaluba cha Majivu

Wameweka kibao pale sokoni Isyonje,
bati jeupe, maandishi mekundu:
NI MARUFUKU KUVUTA SIGARA ENEO HILI.
Gwakisa aliyekichora
alikuwa na kipisi mdomoni tangu herufi ya kwanza,
na doa la majivu bado liko juu ya M.

Tangu siku hiyo soko halitulii.
Bupe wa chapati anasema moshi unamkera,
ila wanaomkera ndio wanaolipa bila kukopa.
Fundi Andongwile anasema kwanza likamatwe lori la Tunduma,
linalopanda kona hii likitapika weusi
mpaka kabichi zinaonekana kama zimefiwa.
Nesi Tusekile hasemi mengi. Anamshusha mtoto
mgongoni mwa mama yake, anamwekea sikio kifuani:
"Huyu alivuta lini?"
Na Mwaijande, mikono ndani ya koti,
"Baridi ya Juni ya huku," anasema,
"mtaizuia kwa bati?"

Wananigeukia. "Na wewe, Lugano?
Wewe hujawahi kuvuta, sema."
Nasema viazi vimeshuka bei.
Wanacheka. Wananiacha.

Mwaka tisini na moja nilinunua Datsun
kwa magunia sitini na mawili ya viazi,
lumbesa, shingo juu ya shingo.
Rangi yake ya chai ya maziwa.
Mlango wa kushoto haukufunguka kwa nje;
abiria alisubiri kama bwana harusi
mpaka mimi niiname nimfungulie.
Viti nilivisugua siku mbili kwa sabuni ya mche
ili itoke harufu ya mwalimu wa Itende aliyeniuzia.

Safari ya kwanza nilimpakia baba.
Alivaa koti la kanisani.
Tulipofika Ntokela akatoa tumbaku yake,
akaisokota katika kipande cha gazeti,
akavuta kijaluba cha majivu pale mbele, taratibu,
kama anayefungua droo ya mwenye nyumba.
Kilikuwa safi. Nilikuwa nimekisugua kwa mchanga.
Nikasema, "Baba, humu ndani hapana."

Hakujibu. Akakirudisha kijaluba.
"Simamisha."

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mitaro.
Niliona kiberiti kikiwaka, upepo ukakizima,
kikawaka tena. Halafu nukta tu,
nyekundu, ikipanda na kushuka
kwenye kimo cha uso wa mtu.
Na mimi ndani, vioo juu,
nasikiliza injini yangu inavyonguruma vizuri.

Alipomaliza akagonga kioo kwa kifundo cha kidole,
mara mbili,
kama apigaye hodi kwa watu asiowajua.
Nikainama nikamfungulia.
Hatukuzungumza hadi Tukuyu,
na Tukuyu tuliongea habari za mbolea.

Miaka kumi na minne alisafiri nami hivyo:
kushuka, kusimama, kugonga.
Waliopita walidhani gari limeharibika,
wengine walisimama kuuliza kama tunahitaji kusukumwa.
Hakufa kwa kifua. Alikufa kwa mguu, na sukari.
Nasema hivyo asije mtu akaniongezea funzo.

Gari nililiuza kwa kijana wa Vwawa.
Alipiga teke matairi, akafungua boneti,
akakaa, akavuta kijaluba:
kinang'aa kama sahani ya harusi.
"Kumbe hamkuwa mkivuta humu?"
"Alikuwa akishuka," nikasema.
Kijana akangoja nimalizie.
Nikampa funguo,
nikamwonyesha mlango wa kushoto,
kwamba huo lazima aufungue yeye
kutoka ndani.