Gia ya Tatu

Ilianza kuruka pale Ihumwa,
gia ya tatu, na nyuma kreti arobaini za zabibu.
Unaitia, inakaa kama mgeni mwenye haraka,
unageuza uso, imeshatoka.
Nikaibana kwa goti mpaka Dodoma mjini.

Fundi wa Majengo alitaka laki sita.
Nikamshukuru, nikarudi Hombolo kwa gia ya pili,
injini ikilia njia nzima
kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama.

Basi leo ni Jumamosi, uani kwetu,
upepo wa Agosti unatia mchanga hata ndani ya yai.
Landruva imekaa juu ya magogo manne,
mimi chali chini yake juu ya gunia,
Ndahani ananipitishia spana: kumi na nne, kumi na saba,
hapana, ile kumi na saba iliyopinda.

Nimechora giaboksi kwa mkaa juu ya katoni.
Kila bolti inayotoka tunaichomeka mahali pake kwenye mchoro,
isije kesho ikabaki moja kiganjani
ikatuuliza: na mimi je?

Propela ya nyuma. Propela ya mbele.
Gari la kuvuta miguu yote minne:
kila kazi mara mbili,
kila tusi mara mbili.

Oili ilitoka nyeusi, ina vumbi la shaba.
Niliisugua kati ya vidole.
Kuna kitu kilisagika humo, kimyakimya, miaka.

Mnyororo wa kushushia tumeazima kwa Sogoda, mchimba visima.
Aliufungua kwenye shimo la mita ishirini lisilo na tone,
akasema, "Nendeni nao, huko angalau kuna kitu."
Tumelaza bomba toka mlango hadi mlango,
mnyororo ukapita kwenye tundu la sakafu
pale uliposimama mkono wa gia.

Ikabaki mipira ya nyuma,
pale giaboksi linapoegemea chasisi.
Upande wa kulia, mpira.
Upande wa kushoto palikuwa na kitu cha njano.

Njano, chini ya grisi. Nikafuta kwa kidole gumba.
Vipande vya duara, vimebebanishwa kama chapati,
na kwenye kimoja, nusu ya ua,
lile ua la kisigino.

Nilikuwa darasa la tatu kandambili yangu ilipopotea.
Ya kushoto.
Mama alinichapa kwa ile ya kulia.
Nilitafuta zizini, nilitafuta kwenye mizabibu,
mbwa wa kina Lechipya akasingiziwa, akapigwa mawe,
akafa na jina baya.
Na Baba naye alitafuta.
Baba ndiye aliyeshika tochi.

Nilicheka chini ya gari mpaka mchanga ukaniingia mdomoni.
Ndahani akadhani nimebanwa, akanivuta miguu.

Mama alikuja na unga wa mtama mikononi.
Alitazama. Alitazama sana.
"Ilikuwa shilingi mia nne," akasema.
Kisha, akiwa ameshatugeuzia mgongo:
"Tena hela ya mpira alinichukulia."
Akaingia jikoni. Tukasikia sufuria zikiwekwa
kwa nguvu kuliko inavyohitajika,
halafu kimya,
halafu kitu kama kicheko, au kikohozi cha moshi.
Mwaka wa pili huu tangu tumzike.

Tukashusha.
Mnyororo wa kisima ukahesabu pingili moja moja,
giaboksi likaachana na injini kwa sauti ya kufyonza,
likalala kwenye godoro kuukuu, zito, limelowa,
nasi tukakaa kando bila neno
kama watu waliozalisha.

Zabibu haziningoji. Jumatatu
nitapanda basi nikanunue mpira wa kweli.
Nimeshapima ule wa kulia: milimita arobaini.
Kandambili, thelathini na nane.
Miaka ishirini na mitatu, mawe ya Hombolo, mabonde, mizigo,
na imepungua mbili.

Nikapima tena.