Sauti ya Nne

Gazeti la Alhamisi liliandika: wasichana watatu wa Łódź.
Tulikuwa wanne.
Hesabu mwenyewe jaladani: Wioletta mbele,
kidevu juu kama anayedai chenji yake,
Jagoda na Ilona ubavuni, nywele zimeungua kwa pasi ya saluni,
na mimi, Bogna, nyuma kidogo,
pale kivuli cha dohani ya kiwanda kilipolala
saa nane mchana, mwezi wa Novemba,
mpiga picha akilifukuzia jua na kusema, "Inatosha, inatosha."

Tulijiita Zabibu.
Mhakiki hakuhitaji zaidi ya hilo:
zabibu hizi, aliandika, zimekauka kabla hazijaiva.
Nyota mbili. Ya pili, nadhani, aliwapa wapiga ngoma.

Nyimbo kumi na moja, siku tisa,
studio iliyokuwa stoo ya vitambaa:
ukivuta pumzi ndefu unameza pamba.
Jagoda alikohoa katikati ya wimbo wa tatu
na kikohozi kimo humo mpaka leo,
maana fedha za kurudia hazikuwepo.
Fundi Zenon alikuwa na vitufe ishirini na vinne,
kimoja tu kilikuwa changu.
"Wewe ni msingi," aliniambia, huku akikishusha.
"Nani huja kutazama msingi wa nyumba?"

Nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea.

Wiki ya kwanza tuliuza nakala mia nne na kumi na mbili.
Sitini zilinunuliwa na mjomba wa Ilona, mwenye bucha,
akawa anatoa moja kwa kila kilo tatu za soseji.
Redio ilitupiga mara moja,
alfajiri, baada ya bei za nguruwe.
Mwalimu mmoja wa Radom alituandikia kurasa nne za malalamiko:
kaseti yake ilikuwa na upande wa kwanza mara mbili.
Tukamtumia nyingine, nzima.
Akajibu kwa kadi: ile ya mwanzo ilikuwa bora.

Machi Wioletta akapata tangazo la sabuni.
Hatukugombana. Ingekuwa afadhali.

Lakini nilitaka kusema habari za baba.

Alifuma miaka thelathini na moja
na mitambo ikamlipa kwa kuyala masikio yake,
moja kwanza, kisha, bila haraka, la pili.
Nilipompelekea kaseti hakuuliza ina nini.
Alikunja mkono wa shati,
akaweka kiganja juu ya spika
kama anayepima homa ya mtoto.
Supu ya kabichi ikapoa, ikafanya ngozi.
Wimbo wa tano, akafumba macho:
"Hapa. Huyu ni wewe."

Lilikuwa gitaa la besi.
Kijana wa kukodiwa, alikuja na buti zenye theluji,
alilipwa taslimu, jina lake sikulishika.
Mimi nilikuwa juu kidogo ya pale,
nimeshikilia neno moja, *bado*,
kwa mapigo kumi na sita bila kupumua,
na mkono wa baba ulikuwa ukipita chini yake
kama mtu anayetafuta swichi gizani
na kugusa ukuta tu.

Nikatikisa kichwa: ndiyo, baba.

Akairudisha kaseti nyuma. Akaweka kiganja tena.
"Ongeza," akasema, yeye asiyesikia hata kengele ya tramu,
nami nikaongeza mpaka vijiko vikatembea mezani,
mpaka bibi Kunegunda wa chumba cha pili
akaanza kuupiga ukuta kwa kiatu.

Baba akayahisi mapigo yale mbaoni.
Akafumbua jicho moja.
"Na huyu," akauliza, "ni yupi kati yenu?"

Nikaliumba neno kwa midomo, polepole, alisome vizuri:
huyo, baba, ni mhakiki.