Kichwa cha Nyuma

Kila Jumamosi ya Oktoba, hapa Weissfeld, Pennsylvania,
watu hupanga foleni tangu saa mbili asubuhi
na vikombe vya kahawa, na watoto waliovishwa kofia za udereva,
wakingoja Mia Nne na Sita apumue.
Naye hupumua. Mweusi, kapakwa mafuta kama bwana harusi,
shaba yake imesuguliwa na wastaafu wanne
ambao nyumbani hawajawahi kusugua sufuria.
Verna Hostetter, anayesafisha meno ya watu Jumatatu hadi Ijumaa,
leo ana masizi mpaka kwenye kope.
Amekuwa akichochea tangu usiku wa manane.

Mimi hawanioni.
Nimefungwa mkiani, nyuma ya behewa la saba,
ndani ya kichwa cha dizeli chenye rangi ya haradali.
Nimeambiwa nisipige honi,
nisikohoe moshi,
nisiwaharibie picha.
Kwenye tiketi sikuandikwa.
Kazi yangu ni neno moja: kama.
Kama mzee akishindwa. Kama breki. Kama mvua.

Baba yangu, Elwood, alichochea mtambo ule ule
enzi ulipokuwa ukishusha makaa ya mawe, mabehewa arobaini kwa safari.
Mwaka wa hamsini na tatu zikaja dizeli tatu, zimefungwa utepe.
Hazikutaka maji, hazikutaka mtu wa koleo.
Akarudi nyumbani na koleo lake begani,
akalitumia kuzoa theluji miaka thelathini na mmoja.
Nilipopata ajira hapa aliuliza, "Kichwa kipi?"
Nikamwambia. Ni hiki, kimojawapo cha vile vitatu.
Akaendelea kumenya tufaha lake,
ganda moja refu, halikukatika.

Wahenga walisema moto huzaa majivu.
Hawakusema kwamba majivu nayo
hubeba chakula chake kwenye kopo, yakaenda kazini.

Leo, kwenye mwinuko wa Harlan, mvua ya jana
ilikuwa imegandamiza majani ya mialoni juu ya reli,
utelezi wa bamia.
Nikasikia kule mbele pumzi zake zikikanyagana,
magurudumu yakizunguka mahali pamoja,
mchanga umeziba kwenye bomba, na mwendo unakwisha,
unakwisha,
mpaka naweza kuhesabu mataruma moja moja.
Behewani walidhani ni sehemu ya onyesho. Mtu alicheka.

Redio ikakwaruza. Clayton Reifsnyder,
dereva asiyeomba hata chumvi mezani, akasema:
"Lamar. Habari za huko nyuma?"

Nikafungua ngazi ya kwanza. Ya pili. Taratibu,
kama unavyomkamata mgonjwa kiwiko
ili adhani ameinuka mwenyewe.
Vifungo vya mabehewa vikagusana, ta, ta, ta,
hadi mbele kabisa,
na treni ikakumbuka inakokwenda.

Kileleni alipiga filimbi ndefu, mbwa wa bonde zima wakaitika.
Watu wakapiga makofi. Juu ya daraja mwenye kamera
alifuta macho kwa mkono wa koti.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
mzee alivuta. Mimi nilisukuma kidogo tu.
Kidogo kiasi gani, tunajua watatu.

Jioni, wageni wakishaondoka, Verna alitembea
urefu wote wa treni, buti zikisaga kokoto.
Nilidhani atasema kitu.
Alipiga ubavu wa dizeli yangu, kofi moja,
kama mtu anavyompiga ng'ombe aliyekamuliwa vizuri,
akaenda zake kutafuta sabuni.

Jumapili ni siku ya kuosha.
Nimeosha paa, nimeosha vioo, ngazi, namba ubavuni.
Pale penye vidole vitano vyeusi
nimezungusha kitambaa, nikapita.