Nusu ya Kitenge

Kijana wa kamera alishuka sokoni Muhanzi saa mbili asubuhi,
viatu vyake vyeupe vikitafuta pa kukanyaga
kati ya maganda ya mananasi na maji ya sambaza.
Bwato la Idjwi lilikuwa bado linashusha mizigo.
Alisema anatengeneza kitabu cha picha, cha wageni.
Mama, wewe ni wa kisiwani,
ghuba gani inapendeza kuliko zote?

Nilikuwa na nanasi kwenye mizani.
Nikamwambia subiri, sindano haijatulia.

Ghuba ninayoijua haina mchanga.
Ina mawe matatu na kisiki cha mkaratusi.
Usiku usio na mwezi watu walishuka hapo bila taa,
kahawa begani, vikohozi vimemezwa.
Upande wetu, kilo ilinunua kipande cha sabuni.
Ng'ambo, kilo ileile
ilinunua mche mzima, na chumvi, na daftari la mtoto.
Hatukufundishwa hesabu hiyo shuleni.
Ndiyo iliyotulipia shule.

Mama alichana kitenge chake cha harusi katikati,
baba akazungushia nusu kwenye kasia
ili maji yapigwe yasilie,
ili askari wa ziwa walale usingizi wao.
Safari ngapi? Bahizire hakuhesabu safari, alihesabu magunia.
Lakini Kivu ikifika saa tisa za usiku
haimjui mtoto wa mtu.

Mtumbwi waliukuta Birava, tumbo juu.
Kahawa ililowa, ikawa nzito kuliko wenyewe.
Kasia lilirudi peke yake siku ya nne,
kitenge kimekaza, fundo halijalegea.
Wakwe walitaka lifunguliwe, kitambaa kifuliwe.
Mama akasema: alifunga mwenyewe.
Mpaka leo limesimama nyuma ya mlango.

Ningeweza kumwambia pia habari za babu,
aliyebandua maganda ya kwinini kwenye shamba la Wazungu
mpaka uchungu ukaingia ndani ya kucha.
Alimpa mtoto kidole anyonye, mtoto akalia.
Alinawa kwa majivu, alinawa kwa ndimu.
Watoto tisa, na hakuna hata mmoja
aliyenyamazishwa na kidole cha baba yake.

Au habari za Nyiramisago, Mbuti, mfinyanzi,
aliyezaliwa ndani ya msitu wa Nyamusisi
na sasa anapiga hodi kwa mwenye shamba
kuomba udongo.
Chungu chake analipwa mtama uliojaa humohumo, basi.
Nilipokuwa mdogo nilidhani
ndiyo sababu anafinyanga vyungu vikubwa.
Wanunuzi nao walijua. Walichagua vidogo.

Kijana alikuwa bado anasubiri, kalamu mkononi.
Nikamwambia: zote zinapendeza.
Nanasi ni fraha elfu mbili.

Alilipa, hakudai chenji, Mungu ambariki.
Halafu akaona mizani yangu ya kuning'inia,
kutu yake, jua likiipiga kutoka ziwani,
akapiga goti kwenye maji ya samaki, viatu vile vile vyeupe.
Akaangalia. Akakunja uso.
Mama, hicho kitambaa kwenye ndoano,
kimepauka, kinaharibu picha.
Ukitoe kidogo tu?

Hapana, nikamwambia.
Bila hicho inapiga kelele.